Waliokaa karibu na uzio ndio walioona kwanza

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimekulia kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mpaka wa nchi, na wazazi wangu wako huko hadi leo. Tangu Oktoba 2023 sijaacha kujiuliza: jeshi la Israel, lenye kamera, droni na ukuta uliozamishwa ardhini, liliwezaje kuvamiwa asubuhi na watu wa pikipiki, wakakaa ndani ya vijiji kwa saa nyingi? Na jeshi hilohilo lilipoingia mjini Gaza, mbona miezi ikapita, mitaa ikawa kifusi na raia wakafa kwa maelfu? Ni uzembe, ni usaliti, au vita vya mjini vina jambo ambalo sisi raia hatulioni?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili ni kwa ajili ya wazazi wako. Wengi wanaoniuliza habari za vita huuliza kama watazamaji wa mpira. Wewe una watu wako huko, kwa hiyo nitakujibu bila kuzungukazunguka, hata pale jibu linapouma.

Usaliti niuondoe kwanza. Watu huupenda kwa sababu unatupa mtu mmoja wa kumlaumu, kisha tukalala. Ukweli uliojitokeza katika uchunguzi wa jeshi la Israel lenyewe, uliotolewa mwaka 2025, ni mgumu zaidi kuumeza: habari zilikuwepo. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Oktoba 7, majasusi walikuwa wameshapata waraka wa mpango wa Hamas, kundi la Wapalestina lililotawala Gaza, wa kuvunja uzio na kuteka kambi na vijiji. Waliupa hata jina, "Ukuta wa Yeriko". Katika kambi ya Nahal Oz, karibu na uzio wa Gaza, kulikuwa na askari wa kike, wengi wao wasichana wa miaka 19 au 20, ambao kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kukodolea macho kipande kilekile cha uzio, zamu kwa zamu. Waliripoti kwamba upande wa pili watu wanafanya mazoezi ya kulipua uzio na kuteka vifaru. Ripoti zilipanda ngazi, zikaishia huko juu. Usiku wa kuamkia tarehe 7, wapiganaji wa Hamas walianza kuwasha laini za simu za Israel walizokuwa nazo. Makamanda wakaamshwa, wakashauriana, wakaonelea wangoje kupambazuke.

Walingoja kwa sababu walikuwa na imani. Waliamini kwamba Hamas imetulia, inachotaka ni vibali vya kazi kwa watu wake na fedha kutoka Qatar, na kwamba haina haja ya vita kubwa. Mkubwa akishaamini jambo, kila habari inayomfikia huigeuza ilingane na imani yake. Mazoezi yanakuwa maonyesho ya kutishia. Waraka unakuwa ndoto za watu wasio na uwezo. Na msichana anayesema "leo nimeona kitu tofauti" anaambiwa arudi kwenye skrini yake. Jambo hili si geni hata kwa nchi hiyohiyo. Tarehe 6 Oktoba 1973 Misri na Syria ziliishambulia Israel kwa kushtukiza, na Tume ya Agranat iliyochunguza ikakuta kwamba dalili zilijaa mezani, ila wakuu wa ujasusi walikuwa wameshikilia dhana kwamba Misri haitathubutu. Kati ya siku ile na Oktoba 7, 2023 ni miaka 50 na siku moja.

Sasa uzio wenyewe. Ulikuwa na urefu wa kilomita 65 hivi, ukakamilika Desemba 2021 kwa gharama inayozidi dola bilioni 1, ukiwa na zege iliyozamishwa ardhini kuzuia mahandaki, vihisio, kamera na bunduki za kuongozwa kwa mbali. Watu wanauona ukuta wa namna hiyo wanadhani ndio ulinzi. Hakuna uzio unaomzuia mtu aliyekusudia. Uzio humchelewesha tu, na dakika hizo alizocheleweshwa zina faida iwapo kuna askari anayekuja mbio kuzitumia. Asubuhi ile ilikuwa Jumamosi na sikukuu, askari mpakani walikuwa wachache, na vikosi vingine vilikuwa vimepelekwa Ukingo wa Magharibi. Maelfu ya roketi yakarushwa kuanzia saa 12 na nusu hivi, watu wote wakainama. Wakiwa wameinama, droni ndogo ziliangusha mabomu juu ya minara, na minara ilipozimika, kamera na bunduki zile zikazimika pamoja nayo. Hata makao makuu ya divisheni huko Re'im yalivamiwa. Pale ambapo msaada ungepangiwa, watu walikuwa wanapigania roho zao. Ndiyo maana saa zikapita, mwanangu. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na picha nzima.

Watu wapatao 1,200 waliuawa siku hiyo na 251 wakachukuliwa mateka. Lakini nataka usogee karibu uone mlango mmoja.

Katika vijiji vile vya ushirika viitwavyo kibbutz, nyumba nyingi zina chumba kimoja cha zege ngumu cha kukimbilia roketi zikirushwa. Mlango wake ni wa chuma, mzito, una kitasa kirefu. Haukutengenezwa kufungwa kwa ufunguo kutoka ndani, na kwa sababu nzuri: roketi ikiiangukia nyumba, waokoaji waweze kuufungua na kuwatoa watu. Wahandisi walifikiria kitu kinachotoka angani. Hawakumfikiria mtu aliyesimama sebuleni na bunduki. Basi Oktoba 7 watu walikaa saa nzima, saa tatu, saa kumi, wamekishikilia kitasa kile kwa mikono miwili, mume akichoka mke anapokea, huku wakisikia upande wa pili mtu anakivuta. Wengine walipigwa risasi kupitia mlango. Wengine nyumba zilichomwa, wakachagua kati ya moshi na dirisha. Wote hao walikuwa na simu mikononi, wanaandikiana kwenye makundi ya kijiji: jeshi liko wapi?

Vijiji vilikuwa na vikosi vyao vya dharura, wakazi waliopewa mafunzo. Ila katika sehemu kadhaa bunduki zilikuwa zimeondolewa majumbani kwa hofu ya wizi, zikafungiwa kwenye ghala moja. Kule Kfar Aza baadhi ya watu wa kikosi hicho waliuawa wakikimbilia ghala. Kule Nir Oz, kijiji cha watu wapatao 400, takriban mtu mmoja kati ya kila wanne aliuawa au kutekwa, na uchunguzi wa jeshi ulikiri kwamba askari wa kwanza aliingia kijijini baada ya wavamizi kuwa wameshaondoka.

Huwa nawaambia wanaojifunza kazi hii: raia wa mpakani ndiye mlinzi wa kwanza, apende asipende, maana ndiye aliyepo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hatari ya mpaka anaijua anayelala pale, kisha anayeamua ni mtu aliye mbali na ile sauti.

Usidhani ni habari ya nchi moja. Msumbiji kaskazini, jimbo la Cabo Delgado, viongozi wa Kiislamu wa hukohuko waliwatahadharisha wenye mamlaka kuhusu vijana waliojitenga, wenye misikiti yao na mafundisho yao, kabla risasi ya kwanza haijalia. Hawakusikilizwa inavyopasa. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana hao walivamia vituo vya polisi mji wa Mocímboa da Praia. Agosti 2020 waliuteka mji huo na bandari yake. Machi 24, 2021, siku ileile kampuni ya Total ilipotangaza kwamba kazi za mradi wa gesi wa dola bilioni 20 zitaendelea, waliingia Palma, mji ulio karibu na mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Mawasiliano yakakatika. Watu wakakimbilia porini, ufukweni, kwenye majahazi, na wengine wakajibanza hotelini kwa siku mbili kabla ya kujaribu kutoka kwa msafara wa magari, ambao nao ulishambuliwa njiani. Vita hiyo ilikuwa imeshavuka mto: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa.

Na kuna kosa linalorudiwa baada ya kila shambulio, ambalo linaniumiza zaidi kuliko la kabla. Serikali iliyoshtukizwa huanza kumtazama mkazi wa mpakani kama mshukiwa. Ana ndugu ng'ambo, anazungumza lugha ya ng'ambo, anavuka kwenda sokoni au msibani, basi lazima anajua kitu. Anakamatwa, anapigwa, anaachiwa bila neno. Kesho yake akiona wageni wamelala kichakani, atamwambia nani? Umelipoteza jicho bora ulilokuwa nalo, na adui hakutumia hata risasi moja. Kumbuka Desemba 2015 karibu na Mandera, Kenya: washambuliaji walisimamisha basi wakitaka Waislamu na Wakristo wajitenge. Abiria Waislamu wakakataa, wakasema uueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki mwezi uliofuata. Wale walikuwa watu wa mpakani, watu ambao mara ngapi walitazamwa kwa shaka na askari wa nchi yao wenyewe.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, mji.

Jeshi la kisasa limejengwa juu ya kuona mbali na kupiga mbali. Kifaru uwandani kinamwona adui kilomita kadhaa. Kiingize mtaani, kinaona hadi kona inayofuata tu, na mzinga wake hauinuki vya kutosha kumfikia mtu aliye ghorofa ya nne juu yake, wala hauinami kumpata aliye kwenye dirisha la chini ya ardhi. Warusi walijifunza hili Grozny, mji mkuu wa Chechnya, usiku wa kuamkia mwaka 1995, walipotuma safu za magari ya deraya katikati ya mji wakidhani wapiganaji wa Chechnya watatawanyika. Brigedi ya Maikop iliyofika kituo cha treni ilizingirwa na karibu kumalizwa.

Redio nayo husumbua kati ya kuta za zege. Na askari wanaliwa na majengo, hili watu hawalihesabu. Jengo moja la ghorofa tano lina vyumba pengine 40, kila chumba kina mlango, kabati, dari. Kila mlango unaweza kuwa na bomu la kutegwa, mtu wa kuvizia, au bibi na wajukuu wake. Kikosi cha watu 30 kinaweza kumaliza siku nzima humo, na kikitoka lazima kiache watu wa kulilinda, la sivyo adui anarudi kwa kupitia handaki au tundu la ukutani, na kesho unapigwa kutoka nyuma. Hesabu hiyo uizidishe kwa mji mzima.

Marawi, Ufilipino, ni mji wa watu wapatao 200,000. Wapiganaji mamia kadhaa waliofuata bendera ya Dola la Kiislamu waliushika Mei 23, 2017. Jeshi la Ufilipino lilikuwa limezoea vita vya msituni, na likafikiri ni kazi ya siku chache. Wapiganaji walikuwa wametoboa kuta, nyumba hadi nyumba, wakawa wanatembea mtaa mzima bila kukanyaga barabara. Askari aliyevuka njia ya mita kumi alikuwa shabaha ya wadunguaji. Ilichukua miezi mitano kamili, hadi Oktoba 23, askari zaidi ya 160 wakafa, na katikati ya mji pakabaki magofu.

Raia ndiye fundo lenyewe. Mosul, Iraq, vita vya kuikomboa kutoka kwa Dola la Kiislamu vilianza Oktoba 17, 2016 na ushindi ukatangazwa Julai 10, 2017. Mwanzoni serikali iliwaambia watu wabaki majumbani, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuwaweka watu milioni na zaidi, na ilitaka kuonyesha kwamba inakuja kuwaokoa. Ni uamuzi wenye huruma ndani yake. Ila mapigano yalipofika mji mkongwe wa magharibi, wenye vichochoro ambavyo gari halipiti, wapiganaji wakawazuia watu wasitoke na kuwasukumiza kwenye nyumba walizopigania. Jeshi limechoka, vikosi vyake bora vimepungua, linaanza kuita ndege kila mdunguaji anapotokea. Machi 17, 2017, katika mtaa wa Jadida, wadunguaji wawili walikuwa juu ya paa. Ndege ikaangusha bomu moja la kilo 227 hivi. Chini ya paa lile familia zilikuwa zimejificha, na raia zaidi ya 100 wakafa. Uchunguzi wa Wamarekani ulisema bomu liliripua vilipuzi vilivyowekwa ndani ya jengo, wakazi wakalikana hilo. Lolote lilivyokuwa, aliyeomba bomu hakujua nani yuko chini ya zile tofali, na swali la nani yuko chini ndilo lilipaswa kuulizwa kwanza.

Ukiielewa Jadida, utaielewa sehemu kubwa ya Gaza, ukiongeza jambo moja ambalo Mosul na Marawi hazikuwa nalo: Gaza imefungwa. Ni ardhi ya kilomita za mraba 365 yenye watu zaidi ya milioni mbili, na chini yake mahandaki yanayokadiriwa kufika mamia ya kilomita. Marawi wengi waliweza kuondoka kabisa. Oktoba 13, 2023 Israel iliwaambia watu zaidi ya milioni moja wa kaskazini mwa Gaza wahamie kusini ndani ya saa 24. Mgonjwa aliye kwenye mashine anahamaje? Mzee asiyetembea? Walipofika kusini vita vikawafuata kusini. Kabla ya usitishaji wa mapigano wa Oktoba 2025, wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 60,000. Hesabu hiyo haitenganishi wapiganaji na raia, ila wanawake na watoto ni wengi mno ndani yake kwa mtu yeyote kuipita haraka.

Hapa nisikufiche msimamo wangu. Kundi linalopigana kutoka chini ya hospitali na shule linatenda kosa la kivita. Kuchukua bibi na mtoto mchanga kuwa mateka ni kosa la kivita. Na hakuna hata moja kati ya hayo linalomvua raia kinga yake. Sheria ya vita haikuandikwa kama mkataba wa biashara, kwamba upande mmoja ukiuvunja na mwingine uko huru. Aliye chumbani na wanawe Gaza na aliyeshika kitasa cha mlango Nir Oz wana haki ileile.

Kuna tukio moja ninaloliona kila nikisikia msemaji wa jeshi lolote akisema "tumechukua tahadhari zote". Desemba 15, 2023, mtaa wa Shuja'iyya, Gaza, wanaume watatu walitoka kwenye jengo. Hawakuvaa mashati, ili ionekane hawana mabomu mwilini. Mmoja alishika mti wenye kitambaa cheupe. Askari wa Israel akawaona, akaamini ni mtego, akafyatua. Wawili wakaanguka. Wa tatu, akiwa amejeruhiwa, alikimbilia ndani na kuomba msaada kwa Kiebrania. Akauawa pia. Walikuwa mateka wa Kiisraeli, wale walewale ambao jeshi lilikuja kuwaokoa. Askari yule hakuwa msaliti. Alikuwa mtu mwenye hofu, mwenye usingizi, katika mji ambao kila kitu alifundishwa kukiona kama adui. Sasa jiulize Wapalestina wangapi walisimama hivyohivyo na kitambaa cheupe, na hapakuwa na uchunguzi wa kutuambia.

Na mji ukishatekwa, kazi haijafika nusu. Huko Gaza, jeshi la Israel lilirudi Jabalia na Zeitoun na Shuja'iyya mara kwa mara, kwa sababu kusafisha mtaa na kuushika ni kazi mbili tofauti, na hakukuwa na jibu la nani ataendesha mtaa huo askari wakiondoka. Mocímboa da Praia ilikombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji Agosti 8, 2021, ikakutwa tupu. Wapiganaji walikuwa wametoka kabla, na Mei 2024 wakaingia mji wa Macomia, kusini zaidi.

Sasa wazee wako. Sitakudanganya kwamba kijiji kinaweza kulizuia kundi la mamia ya watu wenye silaha. Kinachowezekana ni kupunguza zile saa za upweke. Watu wanapaswa kuwa na ofisa mmoja wanayemjua kwa sura, ambaye wakimpa taarifa anawarudishia jibu: nimeipata, nimefanya hivi. Taarifa isiyorudi na jibu, ya tatu haiji. Pawe na njia ya kupiga kengele isiyotegemea mnara wa simu, maana mnara ndio wa kwanza kuanguka. Ngoma, kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa vinatosha, mradi kila mtu anajua mlio upi una maana gani. Pajulikane njia ya pili ya kutoka, ile ya kwanza ikizibwa, na nani atambeba nani. Kuhusu kuwagawia wanakijiji bunduki mimi ni mzito. Palipo na sheria, mafunzo na daftari la nani ana nini, imewahi kuokoa watu. Pasipo na hayo, bunduki hizo huishia kwenye ugomvi wa mashamba na mifugo, na hofu ya adui inageuka hofu ya jirani.

Wapigie jioni hii. Muulize baba ni nani angempigia alfajiri akiona watu asiowajua wanavuka, na mara ya mwisho alipotoa taarifa alijibiwa nini. Muulize mama, akiambiwa aondoke sasa hivi, angepita wapi na bibi wa jirani asiyetembea.